Spoti za Darini Zinapogoma

Kabla hujapanda ngazi kufungua spoti iliyozimika darini, jua umeme wa nyumba yako unatoka sehemu ngapi. Zamani jibu lilikuwa moja tu: SNEL, shirika la umeme la taifa. Leo nyumba ya Golf au Bel-Air mjini Lubumbashi inaweza kuwa na waya wa SNEL, jenereta kwenye kibanda cha nyuma, na inveta na betri kwenye kona ya sebule. Kama umejenga Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga, huenda unategemea paneli juu ya bati na betri ndani. Spoti ni zilezile kote na magonjwa yake ni yaleyale, lakini njia ya kuzifikia bila kudhurika inategemea kinachozilisha. Nimeliweka hili mbele ya mengine yote kwa sababu ndilo linaloua.

Delestaji, ule ukataji wa umeme kwa zamu, imetuzoesha vibaya. Umeme ukikatika mtu anasema, "Vizuri, sasa niitengeneze ile taa," anachukua turnavisi, anapanda. SNEL haimpigii mtu simu kabla ya kurudisha umeme. Utarudi wakati umeshika nyaya mbili zilizo uchi, kichwa kikiwa darini, mguu mmoja kwenye ngazi. Hata kama mshtuko wenyewe haukukuua, kuanguka kutoka urefu huo kwenye sakafu ya kigae kunatosha.

Wenye inveta wako hatarini zaidi, na wengi hawajui. Umeme wa SNEL ukikatika, inveta huamka yenyewe papo hapo. Na fundi aliyeifunga, mara nyingi, alianza kuunganisha taa za darini, kwa kuwa zinakula umeme kidogo kuliko friji au pasi. Kwa hiyo saa ya delestaji, ambapo majirani wote wako gizani, ndiyo saa ambayo waya wa spoti yako una umeme kamili wa volti 220 unaotoka kwenye betri. Giza la mtaani halikuambii lolote kuhusu dari yako.

Fuata mpango huu kila mara, hata kama kazi ni ya dakika tano. Zima swichi ya ukutani. Shusha dizonkta (kikatizo) ya taa kwenye kisanduku cha umeme. Zima inveta kwa kitufe chake, kisha chomoa au shusha kikatizo cha waya unaotoka kwake kwenda nyumbani. Ufunguo wa jenereta uweke mfukoni. Bandika karatasi kwenye kisanduku: kuna mtu darini, usiwashe. Halafu waambie waliomo nyumbani kwa mdomo, pamoja na mtoto mkubwa ambaye akirudi shule na kukuta giza hukimbilia kisanduku. Waya unaoshuka kutoka kwenye paneli za jua usiuguse mchana, kwa kuwa paneli ikipigwa na jua haina mahali pa kuizimia. Kikatizo chake kinazuia tu umeme usivuke kwenda mbele.

Swichi ya ukutani peke yake haitoshi. Katika nyumba nyingi imefungwa kwenye waya usiofaa: badala ya kukata fezi, inakata nyutro. Taa inazimika, unaona kazi imekwisha, kumbe fezi imebaki juu darini ikisubiri mkono. Na rangi za nyaya usizitegemee. Siku hizi nyutro ni bluu, ardhi ni kijani na njano, fezi ni kahawia, nyeusi au nyekundu. Lakini nyumba ya zamani ilifungwa kwa rangi za enzi yake, na nyumba mpya ilifungwa kwa rangi iliyobaki kwenye roli ya fundi siku ile.

Kwa hiyo pima. Testa ya turnavisi, ile yenye kitaa kidogo ndani, inasaidia lakini inadanganya: mwangani huioni ikiwaka, na ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao na viatu vya raba inaweza kuwaka hafifu sana hata waya ukiwa na umeme. Multimita ya bei ya chini ni bora. Iweke kwenye volti za AC, kipimo kilicho juu ya 220, ijaribu kwanza kwenye prizi kabla hujazima ili ujue inafanya kazi, kisha juu darini pima kati ya waya na waya, na kati ya kila waya na ardhi. Ikisoma sifuri kote, endelea.

Kabla ya kwenda kwenye taa yenyewe, neno moja kwa wenye jenereta. Ule waya wenye plagi dume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye jenereta na kwenye prizi ya sebuleni ili kulisha nyumba nzima, uutupe leo. Upande mmoja ukichomoka, meno yake yana volti 220 peupe. Na dizonkta kuu ikisahauliwa juu, umeme wako unatoka nje kwenda mtaani, unafika kwenye transfoma ya SNEL na kupandishwa kuwa maelfu ya volti, huku mfanyakazi aliye juu ya nguzo akiamini laini imekatwa. Kifaa cha kazi hiyo ni inverseri, swichi kubwa ya kugeuzia: upande mmoja SNEL, upande wa pili jenereta, na haiwezekani kuwa pande zote mbili kwa pamoja. Bei yake si kitu mbele ya maisha ya mtu.

Sasa itazame taa. Kabla ya kuifungua, iangalie inavyofanya, kwa sababu tabia yake hukupunguzia nusu ya kazi.

Ikiwa ni spoti moja tu iliyozimika na wenzake kwenye swichi ileile wanawaka, ugonjwa uko kwenye taa hiyo au kwenye kiungo kilicho nyuma yake. Zikizimika zote za chumba, angalia dizonkta, swichi, na kiungo cha kwanza kinachogawa umeme kwa wengine. Zikizimika kuanzia ya tatu kwenda mbele, kiungo kilicho kwenye ya pili au ya tatu ndicho kimeachia, maana mafundi wetu hupitisha waya kutoka spoti hadi spoti. Taa inayowaka, ikazimika baada ya dakika kumi, ikapoa, ikawaka tena, inaugua joto. Inayotetemeka jioni tu, saa ambazo kila nyumba inapika, inaugua volti iliyoshuka, na hutaiponya kwa kubadilisha ampuli. Inayobaki na mwanga hafifu usiku hata ukiizima, karibu kila mara ni ile swichi inayokata nyutro badala ya fezi, au swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo. Umeme mdogo sana unapenya, na LED hazihitaji mwingi. Harufu ya kuungua, doa la kahawia kwenye dari, au mlio wa kuchemka: zima dizonkta sasa hivi, usiiwashe kuona kama itarudia.

Spoti zinazouzwa kwetu ni za aina tatu. Ya kwanza hupokea volti 220 moja kwa moja na ampuli yake ina miguu miwili minene yenye vichwa. Unaisukuma juu kidogo, unaizungusha kushoto, inatoka. Hii ndiyo GU10. Ya pili ina ampuli ya volti 12 yenye sindano mbili nyembamba, inayochomoka kwa kuvutwa, na nyuma yake kuna transfoma. Ya tatu ni ile sahani bapa ya LED isiyo na ampuli ya kubadilisha. Taa na uso wake ni kitu kimoja, na kisanduku kidogo cheupe kiitwacho draiva kinaning'inia pembeni kwa waya mfupi.

Kuishusha kunahitaji adabu. Spoti hushikwa darini na springi mbili zenye nguvu, na anayevuta upande mmoja hupasua dari ya gipsamu au hupigwa vidole. Weka vidole vya mikono yote miwili kwenye ukingo, pande zinazokabiliana, vuta chini polepole na sawasawa mpaka uzione springi, kisha zibane juu kwa vidole kabla hujaitoa. Kurudisha ni kinyume chake: springi zielekezwe juu kama masikio ya sungura, ziingie tunduni, uziachie. Usiiache taa ining'inie kwa waya wake wakati unatafuta turnavisi.

Ukishaishusha, kwenye spoti ya aina ya kwanza, hamishia ampuli kutoka taa nzima inayowaka. Ikiwaka, ulikuwa ugonjwa wa ampuli na kazi imekwisha. Isipowaka, tazama kishikilio cha kauri. Matundu yake yakiwa meusi, au chuma cha ndani kimepoteza mng'aro na kulegea, badilisha kishikilio chote. Usikikwangue kwa kisu ukakirudisha. Kimeshapoteza ukakamavu wa kubana, na kitaunguza ampuli mpya kama kilivyounguza ya zamani.

Aina ya pili imewasumbua watu wengi waliotaka kufanya jambo jema. Mtu anatoa ampuli ya halojeni ya wati 35 au 50, anaweka ya LED ya wati 5 ili kuokoa umeme, na taa inaanza kupepesa au haiwaki kabisa. Anairudisha dukani akisema ni mbovu. Si mbovu. Transfoma nyingi za kielektroniki za halojeni zimeundwa kubeba mzigo usiopungua kiasi fulani. Utasoma juu yake kitu kama wati 20 hadi 60. Ukiipa wati 5 haihisi kama kuna mtu, inajaribu kuwaka na kuzima bila kukoma. Dawa ni kuitoa transfoma hiyo na kuweka draiva ya LED ya volti 12. Dawa ninayoipendekeza zaidi ni kuachana na volti 12 kabisa: ondoa transfoma, weka kishikilio cha GU10, na tangu hapo una ampuli ambayo karibu kila duka la vifaa vya umeme linayo.

Kwenye sahani ya LED, mara nyingi kinachokufa kwanza ni draiva. Ndani yake kuna kapasita, kopo dogo la alumini lenye maji maalumu, ambalo maisha yake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Fikiria alasiri ya Oktoba, bati linachoma, na kisanduku hicho kimelala katikati ya bati na dari bila upepo. Kikifunguliwa baada ya kufa, kichwa cha kapasita hukutwa kimevimba, wakati mwingine kimetoa gundi ya kahawia. Pigo la pili ni umeme unaorudi baada ya delestaji. Dakika za kwanza volti hurukaruka, kwa sababu mtaa mzima unarudi kwa pamoja, mota za friji na pampu zote zikivuta kwa mara moja. Kwa hiyo umeme ukikatika, zima swichi za taa. Ukirudi, subiri dakika kadhaa ndipo uwashe. Tabia hiyo haikugharimu chochote na inaongeza miaka kwenye draiva.

Draiva inabadilishwa bila kugusa sahani, ila lazima mpya ilingane na ya zamani kwa mambo mawili yaliyoandikwa juu yake. La kwanza ni miliampea: ikiwa imeandikwa 300 mA, tafuta 300 mA. Ukiweka ya 450, taa itang'aa vizuri sana kwa wiki chache kisha LED zitaanza kufa. La pili ni kiwango cha volti za kutoka, tuseme 30 hadi 42. Kiwango cha mpya kinapaswa kufunika kile cha zamani. Angalia pia volti za kuingia. Draiva iliyoandikwa 85 hadi 265 inavumilia jioni zetu za umeme dhaifu. Iliyoandikwa 220 hadi 240 tu itapepesa. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Na unganisha sahani na draiva kwanza, ndipo uwashe umeme. Draiva ikiwashwa bila sahani huhifadhi volti nyingi kwenye kapasita yake, na ukiiunganisha hapo inaipiga sahani papo hapo.

Kuna mafundi wanaofungua sahani, wanatafuta LED yenye doa jeusi katikati, na kuifunika kwa risasi ili umeme upite. Inawaka, kwa kuwa LED hizo zimepangwa mfululizo na moja ikifa inawazimisha wote. Lakini zilizobaki zinaelemewa. Na katika ampuli za bei ya chini kabisa, zisizo na transfoma ndani, LED zenyewe zimeunganishwa moja kwa moja na volti 220. Kuigusa taa hiyo ikiwa wazi na ikiwaka ni sawa na kugusa waya wa ukutani. Ufundi huo naomba ubaki mezani kwa aliyesomea, usifanyike nyumbani.

Sasa viungo, na hapa nitakaa, kwa sababu spoti nyingi zinazosemwa zimekufa hazijafa: kiungo chake ndicho kimekufa. Funua skochi nyeusi nyuma ya taa. Mara nyingi utakuta nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole, zikafungwa mkanda, basi. Kiungo kilicholegea kinapata joto umeme unapopita. Kinapoa taa inapozimwa. Shaba inatanuka na kunywea, na kila mzunguko unakilegeza zaidi. Delestaji mara tatu kwa siku ni mizunguko mitatu ya ziada. Gundi ya skochi inayeyuka kwa joto la bati, mkanda unateleza, na waya ulio uchi unagusa fremu ya taa au mbao za dari.

Kata ncha zilizoungua mpaka ufikie shaba inayong'aa. Menya milimita nane hivi, kiasi cha kuingia chote kwenye domino, kile kiunganishi chenye skrubu, bila kubaki uchi nje. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa nguvu kiasi. Ukitoka, haukuwa umeshikwa. Vibanio vya kubonyeza vyenye kilango kidogo ni bora kuliko domino kwenye nyaya za nyuzi nyingi, kama unavipata. Domino zote ziwe ndani ya kisanduku, hata kidogo cha plastiki, zisilale juu ya triplekse.

Na waya wenyewe uuchunguze kabla ya kuununua. Tunaishi juu ya shaba. Ndiyo iliyoijenga Lubumbashi, na mlima wa takataka za kiwanda chake unaonekana kutoka karibu kila upande wa mji. Hata hivyo waya unaouzwa sokoni si lazima uwe wa shaba. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, mwepesi, wa bei nzuri. Muuzaji atakuambia, "Mama, hii ni shaba tupu." Mwombe kisu. Kwangua unywele mmoja wa waya: ukiona weupe chini ya wekundu, si shaba. Au ukunje mara kadhaa mahali pamoja. Ule uliopakwa hukatika upesi. Au shika roli mbili za urefu sawa, moja kila mkono, uzito utakuambia. Alumini hiyo hupitisha umeme kwa shida zaidi, hupata joto, na kwenye skrubu ya domino hubonyea na kulegea. Kwa taa, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 na dizonkta ya ampea 10 vinatosha. Dizonkta ikianguka mara kwa mara, usiibadilishe kwa kubwa zaidi ili inyamaze. Inaanguka kwa sababu waya unaomba msaada.

Dari yenyewe nayo ina neno lake. Halojeni ya wati 50 iliyozamishwa kwenye triplekse inaweza kuchoma mbao pole pole kwa miaka, mpaka siku moja zishike moto. Ukiona duara la kahawia kuzunguka spoti, hilo ndilo onyo lake. Badilisha kwa LED, na hakikisha hakuna gunia, karatasi za saruji au kiota cha panya juu yake. Mvua za kwanza zinapoanza kuelekea Novemba, kumbikumbi huruka kwenda kwenye mwanga na kuingia katika kila tundu. Spoti zisizozibwa hujaa mbawa kavu, nazo huziba joto na huwaka kirahisi. Shusha kila moja baada ya msimu huo, kung'uta, pangusa kwa kitambaa kikavu.

Mvua inaleta tatizo jingine. Bati likivuja, maji hayadondoki palepale. Hutembea juu ya mbao au juu ya waya na kutokea kwenye tundu la spoti, kwa kuwa ndilo shimo lililo wazi. Ukiona tone kwenye taa, shusha dizonkta kwanza, ndoo baadaye. Dari iliyovimba kwa maji usiisimamie chini yake. Tengeneza bati, acha pakauke siku kadhaa, fungua kila spoti ya chumba hicho, na tafuta kutu ya kijani kwenye shaba kabla ya kuwasha tena. Dizonkta ya diferensieli ya miliampea 30 inaweza kukata umeme hata kabla hujaliona tone. Kama huna, ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya taa nzuri. Kama unayo, bonyeza kitufe chake cha T kila mwezi, isipoanguka, haikulindi.

Kwa wa Kasomeno mwenye betri, chaguo la ampuli ni chaguo la saa za mwanga. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kama wati-saa 1,200, na ya risasi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 600. Spoti kumi za halojeni za wati 50 zinakula 500: zaidi kidogo ya saa moja na umebaki gizani. Spoti kumi za LED za wati 5 zinakula 50, na hata ukitoa kile inachokula inveta yenyewe, una kama saa kumi. Ila angalia aina ya inveta. Zile za bei ya chini zinatoa umeme wa mawimbi ya ngazi-ngazi, na ampuli za LED zisizo na draiva nzuri hulia, hupepesa na kupata joto kupita kiasi kwenye umeme huo. Taa ikinguruma kwenye inveta lakini ikanyamaza kwenye SNEL au jenereta, usiibadilishe taa; ni inveta.

Kama spea utazifuata Lubumbashi, usiondoke na maneno kichwani. Chukua taa yenyewe na draiva yake, hata iliyoungua. Pima kipenyo cha tundu la dari, si cha uso wa taa, maana taa mbili zenye uso sawa zinaweza kuwa na matundu tofauti, na tundu la triplekse linapanuliwa kwa msumeno lakini halipunguzwi. Piga picha ya maandishi ya draiva, kwa kuwa wino wake hufutika mfukoni. Ukifika sokoni Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi, au kwenye duka la mjini, muuzaji aijaribu mbele yako, na ikae ikiwaka dakika chache wakati unanunua vingine. Nunua moja au mbili za ziada za aina ileile, kwa sababu mwaka ujao rangi ya mwanga na ukubwa wake havitafanana na vilivyopo darini.

Yapo mambo mawili usiyaguse. La kwanza ni chochote kilicho upande wa SNEL: mita, lakiri yake, na waya unaotoka nguzoni. La pili utalitambua kwa taa zenyewe. Siku moja spoti za chumba kimoja zitang'aa kupita kawaida, nyeupe kabisa, huku za chumba kingine zikififia, au taa zote za nyumba zitawaka kwa ukali na ampuli mbili tatu zitapasuka pamoja. Hiyo ni nyutro iliyokatika, nyumbani kwako au kwenye laini ya mtaa, na vifaa vyako vinapokea volti zinazoweza kukaribia 380. Usianze kuchomoa kimoja kimoja. Shusha dizonkta kuu, waambie majirani washushe zao, kisha iite SNEL. Dizonkta ibaki chini hadi wamalize na volti zipimwe kwenye kisanduku chako, zirudi karibu na 220.